Nyekundu ya Kanyangi

MWONGELI: Haloo? Nani huyo?

KINUTHIA: Mwongeli, usikate simu.

MWONGELI: Nimeuliza ni nani.

KINUTHIA: Ni Kinuthia. Nimeomba simu ya Nduta wa mapokezi. Yangu unaiona ikilia, unaiangalia tu.

MWONGELI: Naiangalia, ndiyo. Habari ya Kibwezi, bosi?

KINUTHIA: Wacha bosi. Ningekuwa bosi ungeshika simu. Habari ya Kanyangi?

MWONGELI: Jua tu. Tuko salama.

KINUTHIA: Salama! [ananong'ona] Mwongeli, wafadhili wako hapa. Wamekaa ofisini, wamepewa chai na mandazi, na macho yao yote yako kwa ile skrini ya ukutani. Jana niliiacha kijani juu mpaka chini. Leo nafungua mlango na wageni nyuma yangu, na katikati kuna nyekundu!

MWONGELI: Moja tu.

KINUTHIA: Moja tu! Ukienda kanisa na shati nyeupe iko na doa moja ya mchuzi, watu huangalia shati ama doa?

MWONGELI: Doa. Ndiyo maana nimeiweka.

KINUTHIA: Umeiweka. Kwa hivyo unakubali ni wewe.

MWONGELI: Kwani nani mwingine anaandika testi hapo? Nduta?

KINUTHIA: Usimcheke Nduta, unakula kredo yake sasa hivi. Sikia. Ile kifaa yetu inafanya kazi, si ndiyo? Mtu mgeni kabisa, hajawahi kuandika programu, anabonyeza mara moja. Editor ya kuandikia inajiweka, lugha ya programu inajiweka, yeye anaanza kazi. Na testi zetu zinajaribu hiyo kitu zenyewe, kila tukibadilisha chochote. Zinatengeneza mashine bandia, zinaweka kila kitu kama mwanafunzi, zinaandika programu ndogo ya kusema "Habari", halafu zinaangalia. Habari imetokea, kijani. Imekataa, nyekundu. Na zote—

MWONGELI: Mbona unanielezea kitu nimeandika mimi?

KINUTHIA: Nafanya mazoezi. Hiyo ndiyo nitawaambia wakimaliza chai.

MWONGELI: Aiya. Basi ongeza hii. Waambie kwa hizo mashine bandia zetu zote, mtumiaji anaitwa "test". Neno moja, fupi, safi. Halafu waambie hapa Kanyangi hakuna mtu alibatizwa Test.

KINUTHIA: Na wanaitwa— [mtandao unakwaruza] —lo? Haloo?

MWONGELI: Nakusikia. Usisonge.

KINUTHIA: Sijasonga, niko kwa korido nimesimama kama mlingoti. Nimesema, wanaitwa nani?

MWONGELI: Wanaitwa vile kompyuta imeandikwa. Wewe siku ya harambee ya hii kanisa ulikuja?

KINUTHIA: Nilituma mtu.

MWONGELI: Ulituma mtu. Basi hukuona. Hizi kompyuta za darasa letu hazikutoka kwa hao wako wa mandazi. Wao wametoa pesa ya kutengeneza kifaa. Mashine zenyewe zilitolewa na watu wa hapa, familia kwa familia, wakisimama mbele wakiimbiwa. Na hapa mtu akitoa kitu kwa kanisa, jina inaandikwa juu yake. Dirisha la kwanza limeandikwa "Kiema & Kanyiva". Benchi za kwaya zimeandikwa. Hii tangi ya maji niko chini yake nikitafuta mtandao imeandikwa "Ndululu & Syombua", kwa rangi ya bluu, kubwa, hata ndege akipita anasoma.

KINUTHIA: Sasa tangi inaingia wapi kwa maneno ya—

MWONGELI: Nakuja! Kompyuta ni hivyo hivyo. Mzee Kivuva, yule anaweka funguo za ukumbi wa kanisa, alizichukua zote akaziandika mgongoni kwa rangi. Halafu zikawashwa mara ya kwanza, na unajua mashine mpya huuliza nini.

KINUTHIA: Inauliza jina la mtumiaji.

MWONGELI: Kivuva akaangalia mgongoni, akaandika vile rangi inasema. Bwana, ile alama ya "na", bibi. Hakuruka hata moja.

KINUTHIA: Ile alama ya— Uuui.

MWONGELI: Eeh. Umefika.

KINUTHIA: Na kifaa yetu ikifika kwa hiyo alama—

MWONGELI: Inafikiri amri imeishia hapo. Inashika jina la bwana, inasimama. Halafu jina la bibi inalichukua kama amri ingine mpya. Inaitafuta kwa mashine yote, haipati amri kama hiyo. Inatoa kosa.

KINUTHIA: Na hakuna testi ilikuwa imeona hiyo.

MWONGELI: Zingeona aje? "Test" hajawahi kuoa.

KINUTHIA: [anacheka kidogo] Usinichekeshe, nina wageni. Sawa. Sasa nimeelewa, na ni kitu ndogo. Mwambie huyo mzee abadilishe. Mashine Moja, Mashine Mbili, mpaka mwisho. Kila kitu itajiweka, na ile testi yako utaitoa. Hata chai haitakuwa imepoa.

MWONGELI: Hapana.

KINUTHIA: Hujanisikiza vizuri.

MWONGELI: Nimekusikiza vizuri. Hapana.

KINUTHIA: Mwongeli, ni jina ya kompyuta! Si cheti cha kuzaliwa. Rangi ya mgongoni ibaki, nani anaitoa? Ni ile ya ndani tu.

MWONGELI: Ile ya ndani ndiyo hutokea kwa skrini ukiwasha. Karibu, fulani na fulani. Wamekuwa wakiwasha hata bila kazi ya kufanya, wasome tu hapo. Kuna mzee alileta wajukuu wake waone.

KINUTHIA: Lakini kila mahali watu hufanya hivyo. Hata mimi hii yangu ya ofisi inaitwa "admin". Nimelia?

MWONGELI: Wewe ulipewa na ofisi.

KINUTHIA: Sawa. Tuache majina. Irekebishe basi. Itachukua muda gani?

MWONGELI: Hiyo alama imetuchanganya mahali pengi. Tulikuwa tunaunganisha maneno ovyo ovyo kila mahali. Nikiketi chini bila kusumbuliwa na simu, jioni itakuwa sawa.

KINUTHIA: Jioni! Hawa wanaondoka wakishamaliza chai!

MWONGELI: Basi wataondoka wakiiona nyekundu.

KINUTHIA: Haiwezekani. Sikiza, iko njia ya katikati. Usiifute hiyo testi. Iambie tu irukwe leo. Irukwe, wageni waone kijani, waende, kesho uirudishe. Hujadanganya mtu. Umeipumzisha.

MWONGELI: Na ikirukwa, zote zikiwa kijani, kifaa inafanya nini? Sema wewe, maana sheria uliiandika mwenyewe.

KINUTHIA: [polepole] Inajituma.

MWONGELI: Inajituma wapi?

KINUTHIA: Kwa kumbi zote za madarasa.

MWONGELI: Mpaka?

KINUTHIA: Mpaka Tseikuru, Mwongeli, najua, usinifanye mtoto wa shule.

MWONGELI: Na Tseikuru pia walifanya harambee. Na wao pia ni watu wa kuandika majina. Tofauti ni mimi niko hapa Kanyangi naona. Huko nani ataona? Hata kukupigia simu akutukane, mtu wa Tseikuru anatafuta kilima kwanza.

KINUTHIA: Nitaizuia kwa mkono.

MWONGELI: Ukiwa na wageni kwa gari, ukiwaonyesha mashamba ya mto? Utakumbuka?

[mtandao unakwaruza]

KINUTHIA: —kwa sababu hujui vile wanaongea! Huyu mkubwa wao, madam Roselyne, ameketi mbele kabisa. Hajaonja mandazi. Na unajua hiyo nyekundu imeandikwa nini, juu ya ukuta wangu?

MWONGELI: Najua. Ni mimi nilipea testi jina.

KINUTHIA: "Mutunga & Wavinya: imekataa." Herufi kubwa! Ameniuliza, Wavinya ni nani?

MWONGELI: Ukamwambia nini?

KINUTHIA: Nilimwambia ni jina la mashine. Kwamba sisi hupea mashine majina, kama vile watu hupea ng'ombe.

MWONGELI: Kinuthia.

KINUTHIA: Nilikuwa na sahani ya mandazi mkononi! Ningesema nini?

MWONGELI: Ungesema ni mtu. Kwa sababu ni mtu.

KINUTHIA: Sawa, ni mtu. Kuna Wavinya wengi.

MWONGELI: Huyu ni mmoja. Nikueleze ama uko na haraka?

KINUTHIA: Niko na haraka sana. Eleza.

MWONGELI: Siku ya harambee bwana yake, Mutunga, alisimama. Alikuwa ameshaanza kuwa mgonjwa, wakamwambia aongee akiwa ameketi, akakataa. Akasema, kompyuta moja ni yangu na Wavinya. Alirudia, na Wavinya, ndiyo mwenye kuandika aandike. Halafu mashine zikachelewa kuja. Zilikuja yeye hayuko.

KINUTHIA: Pole.

MWONGELI: Wavinya akaja kuibeba kutoka kwa gari mwenyewe. Vijana wakasema mama wacha tusaidie, akawaambia msiguse. Na darasa likiitishwa, yeye ndiye wa kwanza kuandikisha. Watu wakacheka, mama wa kulima ndengu ataandika programu gani? Hakuwajibu. Leo ndiyo siku ya kuweka editor. Kila mtu amekaa mbele ya mashine yake. Nikawaambia, bonyezeni. Na ya Wavinya ndiyo ilitangulia kukataa.

KINUTHIA: Na ikasema?

MWONGELI: Unakumbuka wewe ulikuwa unataka makosa yaachwe na Kizungu? Mimi nikasema hapana, hawa ni watu wanaanza, kila kosa nitaliweka kwa Kiswahili walielewe?

KINUTHIA: Nakumbuka. Ulikaa na hiyo kazi mwezi mzima.

MWONGELI: Sasa ameelewa. Skrini yote nyeusi, na mstari mmoja mwekundu katikati: "Wavinya haitambuliki."

[kimya]

MWONGELI: Uko?

KINUTHIA: Niko.

MWONGELI: Aliisoma kwa sauti. Hakuwa anamwambia mtu. Akasoma tena. Halafu akasema, hata hii. Hayo tu. Hata hii. Akachukua mfuko wake akatoka. Na darasa lote likanyamaza, kwa sababu hapa kila mtu anajua.

KINUTHIA: Anajua nini?

MWONGELI: Vile watu wa kwa bwana yake wamekuwa wakimwambia tangu mazishi.

KINUTHIA: [pumzi ndefu] Mwongeli. Nimesikia. Naomba Mungu amsaidie huyo mama, na nasema kutoka moyoni. Lakini mimi niko na ofisi hapa. Nduta yuko na watoto. Wewe uko na kazi. Hawa wakiondoka vibaya, hakuna mwaka kesho. Hakuna Kanyangi, hakuna Tseikuru, na huyo Wavinya hatakuwa na darasa la kukasirikia. Ni laini moja tu ya kuandika! Irukwe!

MWONGELI: Hapana.

KINUTHIA: Unajua naweza kuitoa mimi mwenyewe. Niko na ufunguo kama wewe.

MWONGELI: Toa.

KINUTHIA: Nitatoa.

MWONGELI: Si utoe! Kwani nimekushika mkono? Lakini ukitoa, mashine itaandika hapo nani ametoa. Kinuthia ameondoa Wavinya. Na hiyo haifutiki, hata na wewe, hata na mimi. Yeyote akifungua kazi yetu, leo ama wakati mimi na wewe tumezeeka, ataikuta.

KINUTHIA: Unanitisha?

MWONGELI: Nakukumbusha.

KINUTHIA: Basi na mimi nikukumbushe. Kazi yako iko kwa mdomo wangu. Nikirudi humo ndani niseme Mwongeli alikosea na tumeachana naye, watakubali mara moja, watakula mandazi. Umefikiria hiyo?

MWONGELI: Nilifikiria asubuhi kabla sijaiweka. Sema.

KINUTHIA: Huogopi?

MWONGELI: Naogopa sana. Si unanisikia sauti? Sema tu. Lakini ukinifukuza, hiyo testi itabaki hapo nyekundu mpaka wewe mwenyewe uirekebishe, na wewe ile sehemu huijui.

KINUTHIA: Ngai. Nani alikufundisha huu ubishi?

MWONGELI: Wewe. Nikiingia kazi hiyo siku ya kwanza uliniambia, Mwongeli, testi ikianza kukupendeza wewe badala ya kukusumbua, imekufa. Nikaiandika ukutani kwangu.

KINUTHIA: Nilikuwa kijana.

MWONGELI: Ilikuwa juzi.

[mtandao unakwaruza, sauti ya mlango kwa mbali]

KINUTHIA: [mbali na simu] Nakuja, nakuja! Waongezee chai, Nduta! ... Haloo? Mwongeli, nafanya hivi. Ya mwisho kabisa. Kompyuta moja tu. Si zote. Hiyo ya Wavinya peke yake ibadilishwe jina kwa muda, hata kama ni saa moja. Iwe "Wavinya", peke yake, neno moja. Itajiweka, atafurahi, ataona jina lake, wewe utatoa testi ukiwa na dhamiri safi. Si hiyo ni haki?

MWONGELI: Umtoe Mutunga.

KINUTHIA: Simtoi, namu— Ni mpangilio tu!

MWONGELI: Umtoe Mutunga ndiyo Wavinya apite. Sawa. Hiyo mimi siwezi kusema. Mwambie wewe.

KINUTHIA: Nimwambie nani?

MWONGELI: Mwenyewe. Yuko hapa.

KINUTHIA: Yuko hapa wapi?

MWONGELI: Hapa. Ameketi kwa jiwe chini ya tangi na mfuko wake. Nimekwambia mtandao uko kwa tangi pekee.

KINUTHIA: Amekuwa hapo wakati huu wote?!

MWONGELI: Alinitangulia. Shika huyu hapa. Mama, ni bosi yangu wa Kibwezi, ako na neno anataka kukuambia.

KINUTHIA: Mwongeli! Mwongeli, usimpe— Mwo—

WAVINYA: Haloo. Bwana asifiwe.

KINUTHIA: Amen. Amen, mama. Habari yako?

WAVINYA: Mzuri. Uvoo waku?

KINUTHIA: Mzuri... Kikamba yangu si nyingi, mama.

WAVINYA: Na unakaa Kibwezi? [anacheka] Utajua tu. Wewe ndiye Kinuthia wa hii maneno ya kompyuta?

KINUTHIA: Ndiye mimi.

WAVINYA: Watu wako ni wazima? Mama ako?

KINUTHIA: Yuko, mama. Yuko mzima, anapalilia.

WAVINYA: Na baba?

KINUTHIA: Mzee alituacha mwaka juzi.

WAVINYA: Pole sana. Pole. Na mama bado anaitwa kwa jina la mzee?

KINUTHIA: Eeh. Kanisani bado wanasema bibi ya Gathua. Akisikia mtu anamwita vingine haitiki.

WAVINYA: Haitiki. Eeh. Mtoto hapa anasema uko na neno.

KINUTHIA: Ndiyo, mama. Nilikuwa nataka... Nilikuwa nataka kukuuliza...

WAVINYA: Uliza. Sisikii vizuri, hii simu inakwaruza. Ongea na nguvu.

KINUTHIA: Nilikuwa nauliza, hii programu unataka kuandika. Ni ya nini?

WAVINYA: Ni ya ndengu. Iko kikundi yetu ya akina mama. Tukivuna, broka anakuja na mzani wake, anasoma yeye, anahesabu yeye, sisi tunashika tu mkono ya kupokea. Sasa nataka kila mama aweke debe yake kwa kompyuta, na mashine ihesabu, na broka akisema yake, sisi tunasema yetu. Tuone nani ataona haya.

KINUTHIA: Hiyo ni programu nzuri.

WAVINYA: Si nzuri, ni lazima. Mzee wangu ndiye alisema kompyuta inaweza. Mimi nilisema aende huko. [anacheka] Sasa nataka kuona kama alikuwa anasema ukweli.

KINUTHIA: Alikuwa anasema ukweli, mama.

WAVINYA: Lakini hii mashine yenu imeniambia maneno.

KINUTHIA: Nimesikia. Nisamehe.

WAVINYA: Mimi si mtu wa kulia. Wale wa kwa mzee walisema kwa hiyo shamba hawanijui. Nikalima. Wakasema tena, nikapanda. Mpaka leo niko. Sasa kompyuta nimebeba na hizi mikono, imeandikwa mimi mgongoni, ndiyo iniulize ni nani? Nimekasirika. Nasema wazi, nimekasirika.

KINUTHIA: Uko na haki.

WAVINYA: Na huyu mtoto nimemsikia hapa akisema hapana, hapana, hapana. Wewe huko sikusikii. Sijui ni nini unamuomba. Ni nini unamuomba?

[kimya ndefu, mtandao unakwaruza]

WAVINYA: Haloo? Umeenda?

KINUTHIA: Sijaenda, mama. Si kitu. Nilikuwa namuomba aharakishe.

WAVINYA: Aah. Basi mwache aharakishe. Usimpigie simu.

KINUTHIA: Sawa, mama.

WAVINYA: Na salimia mama ako. Mwambie Wavinya wa Mutunga wa Kanyangi anamsalimu. Shika mtoto huyu.

MWONGELI: Haloo?

KINUTHIA: Haloo.

MWONGELI: Umemwambia?

KINUTHIA: Wewe ni mtu mbaya sana, Mwongeli.

MWONGELI: Hukumwambia.

KINUTHIA: Iache.

MWONGELI: Niache nini?

KINUTHIA: Hiyo nyekundu. Iache hapo hapo kwa ukuta. Usiruke, usifute, usiguse mpaka ikubali yenyewe, na alama yake, na watu wote wawili. Na ukimaliza hiyo uongeze ingine ya majina ya Tseikuru, sijui nini huko wameandika. Piga mtu uulize.

MWONGELI: Na wageni?

KINUTHIA: Madam Roselyne ametoka kwa korido. Ananiangalia na kikombe mkononi. [mbali na simu] Nakuja, madam, dakika moja! ... Ana uso wa mtu ameamua kitu.

MWONGELI: Utamwambia nini?

KINUTHIA: Aliniuliza Wavinya ni nani, nikamdanganya juu ya ng'ombe. Naenda kumjibu.

MWONGELI: Na wakichukua mkoba waende?

KINUTHIA: Si waende. Barabara ya Mombasa hiyo hapo, haijafungwa. Nitawasindikiza mpaka kwa gari na nitawaambia hivi: jana ukuta wangu ulikuwa kijani yote na ulikuwa unadanganya. Leo ndiyo siku ya kwanza inasema ukweli.

MWONGELI: Useme hivyo hivyo. Usipake sukari.

KINUTHIA: Sukari imeisha, wameimaliza kwa chai.

MWONGELI: Kinuthia—

KINUTHIA: Nini?

MWONGELI: Asante.

KINUTHIA: Usinishukuru, bado nimekasirika na wewe. Na simu yangu ikilia uishike, umesikia? Haya, nen—

[mlio: kredo inaisha]

KINUTHIA: Shika haraka, kredo ya Nduta inaenda. Mwambie mama asiende nyumbani. Mwambie ikifika jioni itamtambua, mimi Kinuthia nimesema, yeye na bwana yake. Mwambie angoje, asien—

[simu imekatika]

MWONGELI: Haloo? Kinuthia? ... Haloo? Imekatika. Mama, amesema tafadhali usiende.

WAVINYA: Kwani nani amesema naenda? Nilitoka nje kukasirika. Nimemaliza. Beba hiyo simu yako turudi ndani, mashine yangu nimeiacha imewaka.